Ngeli za Wafaransa

Lugha ya mtu ni kama nyumba aliyozaliwa ndani yake. Aliyekulia humo hujua kila mlango pasipo kuutazama, na hupita gizani asijikwae. Walakini ukimwuliza nyumba ina nguzo ngapi hana jibu, maana hakupata kuwa na haja ya kuzihesabu. Siku atakapolala ugenini ndipo aanzapo kupapasa kuta, kuuliza mlango ulipo, na kukumbuka kuwa kwao mlango u upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza sarufi ya Kifaransa, na hivyo ndivyo, bila ya kutazamia, nilivyoanza kuifahamu sarufi ya Kiswahili.

Sababu ya kujifunza haikuwa anasa wala safari ya Ulaya. Nilikuwa karani katika afisi ya wakala wa kupokea na kusafirisha shehena mjini Mombasa. Bandari ya Mombasa haiitumikii Kenya peke yake. Huko hupita bidhaa za Uganda, za Rwanda, za Burundi, za Sudan Kusini na za mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Barua zilizotoka Kampala zilikuwa za Kiingereza, nasi tulizisoma bila ya taabu. Lakini zile zilizotoka Bukavu, Goma na Bujumbura aghalabu zilikuwa za Kifaransa. Ajabu ni kuwa mtu wa Bukavu alipotupigia simu tulizungumza naye Kiswahili, tukacheka na kuulizana habari za nyumbani, kwani Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba. Kalamu ilipogusa karatasi, Kiswahili kilikaa kando na Kifaransa kikaingia. Tulikuwa ndugu katika simu na wageni katika barua. Kwa sababu hiyo nilijiandikisha katika darasa la jioni, mara mbili kwa juma, chini ya mwalimu mzaliwa wa Bukavu aliyekijua Kifaransa kwa kusomeshwa na Kiswahili kwa kunyonya.

Jioni ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni majina mawili: le livre, kitabu, na la table, meza. Akasema kwamba kila jina katika Kifaransa lina jinsia, ama ya kiume ama ya kike, na hapana jina lililo nje ya hizo mbili. Kitabu ni cha kiume, meza ni ya kike. Jua, le soleil, ni la kiume. Mwezi, la lune, ni wa kike. Kisu, le couteau, ni cha kiume; uma, la fourchette, ni wa kike, ijapokuwa vyote viwili hulala sahani moja. Darasa likaguna. Mama mmoja muuguzi, aliyeketi mbele, akanyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "meza imefanya nini hata ikawa mwanamke?"

"Haikufanya neno, mama," mwalimu akajibu. "Nami nikuulize: mti umefanya nini hata ukawekwa katika ngeli moja na mkate na moyo? Na kwa nini kiti kimevunjika, lakini meza imevunjika, ilhali vyote viwili vimetoka katika ubao mmoja na kwa fundi mmoja?"

Mama hakuwa na jibu, wala sisi wengine hatukuwa nalo. Tangu jioni ile neno jinsia halikututisha tena. Tulilitambua kuwa ni ngeli kwa jina jingine. Mfaransa hasemi kuwa meza ina maumbile ya kike, kama sisi tusivyosema kuwa moyo ni jamaa ya mti. Ni mpango tu wa lugha, ambao kila mtoto huukuta umekwisha wekwa na wazee wasiojulikana majina. Kilatini, kilicho mzazi wa Kifaransa, kilikuwa na jinsia tatu; ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, ilififia kadiri karne zilivyopita, na majina yake mengi yakahamia upande wa kiume. Mfaransa amebakiwa na ngeli mbili. Kijana aliyeziweza ngeli zote za Kiswahili kabla hajang'oka meno ya utotoni ana haki gani ya kulia mbele ya mbili?

Tofauti iliyopo ni ya mahali dalili ilipowekwa. Katika Kiswahili ngeli huonekana aghalabu mbele ya neno: kitabu, mti, ukuta. Katika Kifaransa dalili, ikiwapo, iko nyuma. Karibu majina yote yanayoishia kwa -tion, kama la nation na la question, ni ya kike. Karibu yote yanayoishia kwa -ment, kama le document na le gouvernement, ni ya kiume. Mengi yenye -age, kama le voyage na le village, ni ya kiume vilevile. Lakini la page, ukurasa, na la plage, ufuko, yamejitenga na wenzao. Tena liko jina la sentinelle, mlinzi, lililo la kike hata kama mlinzi ana ndevu za kufika kifuani. Ndiyo maana mwalimu alitukataza kuandika jina peke yake daftarini. "Usiandike table," alisema, "andika la table. Jina lisilo na kitangulizi chake ni kama mgeni asiyetaja kwao." Agizo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa le livre ni kitabu, na la livre ni ratili. Herufi moja yatosha kuigeuza maktaba kuwa duka la mizani.

Jinsia ikisha julikana, huyatawala maneno yanayofuatana na jina, kama ngeli zetu zinavyoyatawala. Sisi husema kitabu kidogo, meza ndogo, miti midogo. Mfaransa husema un petit livre, une petite table. Katika petit herufi ya t imelala, haisikiki. Katika petite herufi ya e haisikiki yenyewe, bali humwamsha jirani yake t akasema. Kadhalika sifa nyingi za Kifaransa hufuata jina, kama zetu. Nguo nyeupe ni la robe blanche, nguo kwanza na weupe baadaye, hali Kiingereza hutanguliza weupe. Sifa chache zinazotumika sana, kama kubwa, dogo, zuri, changa na kuukuu, hutangulia. Mara nyingine mahali pa sifa hubadili maana yenyewe: un homme grand ni mtu mrefu, na un grand homme ni mtu mkuu. Wako watu wafupi waliostahili sifa ya pili, na warefu wengi hawakupita ya kwanza.

Hata desturi ya kumeza irabu, iliyowachukiza wenzangu, niliiona kuwa ni ya nyumbani. Mfaransa hasemi la école, husema l'école. Hasemi le ami, husema l'ami, kwa kuwa irabu mbili zikigongana moja huondoka. Nasi hatusemi kiangu, twasema changu. Hatusemi waingi, twasema wengi. Ulimi wa binadamu ni mmoja, na popote ulipo hupenda njia ya mkato.

Ilipofika zamu ya vitenzi niliona jambo lililonistaajabisha zaidi. Tulipewa kitenzi parler, kusema. Tukaandika je parle, nasema. Tu parles, wasema. Il parle, asema. Ils parlent, wasema wao. Machoni miisho hiyo ni mitatu, -e, -es na -ent. Sikioni ni mmoja, kwa sababu yote haitamkwi. Masikio yangetambuaje nani asemaye? Hutambua kwa neno dogo linalotangulia: je, tu, il. Kwa hiyo Mfaransa hawezi kuliacha neno hilo, kama sisi tusivyoweza kuacha ni, u na a mwanzoni mwa kitenzi. Yeye huliandika mbali kidogo, nasi huliunganisha. Lakini kazi yake ni ile ile. Ni katika nous parlons na vous parlez tu ndipo mwisho wa neno unapojitokeza na kusikika.

Ziko sentensi ambazo Mswahili huziingia kama mwenyeji. Mwingereza husema kuwa yeye ni mwenye njaa kwa kitenzi cha kuwa. Mfaransa husema j'ai faim, yaani nina njaa. Husema j'ai soif, nina kiu. J'ai peur, nina hofu. J'ai vingt ans, nina miaka 20. Ni Kiswahili kitupu kilichovaa kofia nyingine. Wanafunzi waliopitia Kiingereza kwanza, kisha wakaenda Ufaransa, walitumia kitenzi cha kuwa na kupotea njia; waliotoka nyumbani moja kwa moja walifika. Tena tazama mahali anapokaa mtendwa. Sisi husema nakuona: na ni mimi, ku ni wewe, na ona ni tendo. Mfaransa husema je te vois: mimi, wewe, tendo, kwa mpango ule ule. Mwingereza humweka mtendwa mwisho. Hata kukanusha kwake kunafanana na kwetu, kwa kuwa kitenzi hushikwa pande zote mbili. Asoma ni il lit; hasomi ni il ne lit pas. Sisi huweka ha mbele na i nyuma. Yeye huweka ne mbele na pas nyuma. Neno hilo pas asili yake ni hatua, kama kwamba mtu wa kale alisema kuwa hatembei hata hatua moja. Baadaye hatua ikasahauliwa na ukanusho ukabaki.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa chepesi. Hesabu za Wafaransa ni mtihani wa subira. Wao huita 70 sitini na kumi, 80 huita ishirini mara nne, na 97 huita ishirini mara nne na kumi na saba: quatre-vingt-dix-sept. Karani anayeandika bei kwa kusikiliza simu hutokwa jasho. Rehema ni kwamba Kongo, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ubelgiji, Kongo mpaka mwaka wa 1960 na hizo nyingine mpaka mwaka wa 1962, na Wabelgiji husema septante kwa 70 na nonante kwa 90. Desturi hiyo ilibaki. Wateja wetu wa Bukavu walituhurumia pasipo kujua.

Kijana msomaji anaweza kuuliza: je, kanuni hizi zina faida gani kwa mtu anayetaka kusikilizana na watu tu? Je, haitoshi kujua maneno mia mbili na kutumia mikono? Nitajibu kwa jambo lililotokea katika mwezi wangu wa nne wa masomo.

Dereva mmoja wa magari yetu makubwa, mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 na asiye na doa katika kazi yake, alipeleka shehena Bukavu kwa kupitia Uganda na Rwanda. Kabla hajarudi, barua ilifika kutoka kwa wakala wa huko, nayo ilikuwa na mistari hii: Le camion et la remorque sont arrivés à la frontière lundi. Elle a été retenue. Il est reparti mardi avec le chauffeur. Karani mwenzangu, aliyeokota maneno machache ya Kifaransa katika kijitabu cha wasafiri, aliombwa aeleze. Alijua kuwa elle ni yeye mwanamke, il ni yeye mwanamume, frontière ni mpaka na retenue ni kuzuiliwa. Akasema kuwa gari lilifika mpakani siku ya Jumatatu, mwanamke akazuiliwa, na mwanamume akaenda zake siku ya Jumanne.

Mwanamke gani? Sheria ya kampuni ilikataza dereva kuchukua abiria, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kazini. Neno likatoka katika afisi, likafika gereji, likavuka kivuko cha Likoni kabla ya jioni. Dereva aliporudi, akiwa na vumbi la nchi tatu mwilini, alidaiwa funguo kabla ya kupewa salamu. Alisimama mbele ya meza ya meneja, kofia mkononi, asijue ashtakiwa nini. Alikuwa na watoto wawili katika shule ya sekondari, na mke aliyekwisha sikia ile habari kwa majirani.

Niliomba kuiona barua. Niliisoma mara mbili, maana sikuwa bingwa. Kisha nikamwambia meneja, "Bwana, katika sentensi ya kwanza wametajwa wawili tu: le camion, lori, ambalo ni la kiume, na la remorque, tela, ambalo ni la kike. Elle ni tela. Il ni lori. Hapana mwanamke katika barua hii."

Karani mwenzangu akasema kuwa nilikuwa nikimtetea mzee. Nikamwonyesha neno la mwisho. Ikiwa il ni dereva, basi barua ingekuwa inasema kwamba dereva aliondoka pamoja na dereva. Meneja alinyamaza, akaisoma tena sentensi ile kwa kidole, kisha akapiga simu Bukavu na kuuliza kwa Kiswahili. Jibu lilikuja mara: tela lilizuiliwa na forodha kwa sababu ya karatasi za lakiri, na lori likaendelea na safari. Funguo zikarudi mkononi mwa mwenyewe. Mzee alinitazama akasema, "Mwanangu, Mungu akuzidishie elimu," kisha akaenda kuoga na kulala.

Hapo nilifahamu kuwa sarufi ni zaidi ya pambo la mtihani. Maneno ni mashahidi, na kanuni ndiyo inayoonyesha kila shahidi anamsemea nani. Yule karani mwenzangu alikuwa na maneno yote ya sentensi. Alichokosa ni kamba ya kuyafungia. Mtu mwenye maneno bila ya kanuni ana hatari kuliko asiye na neno hata moja, kwa sababu asiyejua huuliza, na ajuaye nusu huhukumu. Kama barua ile ingekuwa inataja kiti na mti kwa Kiswahili, ki na u zingemwokoa mshtakiwa kwa namna ile ile.

Tukumbuke pia kuwa njia hii ilipitwa na wengine kutoka upande wa pili. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alikaa akizipanga ngeli zetu kama sisi tulivyokaa tukizipanga jinsia zao. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka wa 1939, baada ya kazi ya miaka mingi. Aliuliza kwa nini mti ni u na kiti ni ki, wala hakukata tamaa alipokosa sababu. Aliandika jinsi mambo yalivyo. Ikiwa mgeni aliweza kuvumilia ngeli zetu zote, ni aibu kwetu kushindwa na zake mbili.

Kwa kijana anayeanza leo nina mashauri machache. Jifunze jina pamoja na kitangulizi chake, kwa sauti, mpaka ulimi ukatae kuvitenga. Vishike vitenzi viwili, être na avoir, kabla ya vingine vyote, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba wakati uliopita. Mtu mzima usiyemzoea mwambie vous, kama usivyoweza kumpita mzee wako bila ya shikamoo. Tu ni ya rafiki na ya mtoto. Kila kanuni mpya uipeleke kwanza kwenye Kiswahili, uulize kama ina ndugu huko, kabla ya kuipeleka kwenye Kiingereza. Wala usingoje kujua sababu ya kila jambo ndipo ulikubali. Mtoto hakuuliza sababu ya ngeli. Alizitumia, na zikawa zake.

Mwaka wa 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Rwanda na Burundi zimo tangu mwaka wa 2007. Barua za Kifaransa katika afisi zetu hazitapungua, na magari yaendayo Bukavu hayatapungua. Madereva wataendelea kuziweka kazi zao na heshima zao katika mikono ya makarani wasiowajua. Kwa ajili ya watu kama hao, kijana, hesabu saa za kujifunza le na la kuwa ni deni, nawe ulilipe mapema, kabla barua haijafika.